Somo la 7: Ukuta Kandokando ya Dari

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumb. 22:8, Zab. 91:11, 12; Luka 4:9–12; Law. 13:45, 46; Law. 14:1–3, Law. 15:11–13, 1 Fal. 19:3–8, Marko 6:31, Flp. 2:25–30, Yak. 5:14–16.

Fungu la Kukariri: Wafilipi 2:4. Lisome katika Biblia yako kila siku, na ulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Ilikuwa Sabato moja ya mwezi Julai, katika kanisa dogo la Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako majira hayo baridi huingia hadi kwenye mifupa. Mzee wa kanisa aliamka na homa, kikohozi na maumivu ya mwili. Mkewe alimsihi abaki kitandani. “Mama,” akamjibu, “Shetani hawezi kunizuia kwenda nyumbani mwa Bwana kwa mafua tu.” Akavaa koti, akaenda.

Kanisani madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Mzee alifundisha lesoni huku akikohoa na kuziba mdomo kwa kiganja. Ibada ilipokwisha alisimama mlangoni, akampa kila mshiriki mkono. Miongoni mwao alikuwemo bibi mmoja mjane, mwenye pumu, ambaye washiriki walizoea kumwona katika kiti kilekile kila Sabato. Juma lililofuata bibi yule alilazwa hospitalini akiwa na nimonia.

Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika bibi aliambukizwa na nani. Juma lile karibu nusu ya kanisa lilikuwa linakohoa. Lakini mzee hakupata usingizi. Alijiuliza: “Nilikwenda kwa imani, au nilikwenda kwa sababu sikumfikiria mwenzangu?”

Juma hili tutalichukua swali hilo mbele ya Neno la Mungu. Tutaona kwamba kujikinga na mafua na kuwakinga wengine ni sehemu ya amri ya kumpenda jirani.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Mwenye Nyumba na Mgeni Wake

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu aliagiza nini kwa mtu anayejenga nyumba mpya? Kwa nini?

Nyumba za Israeli zilikuwa na paa bapa, ambalo Biblia zetu huliita dari. Watu walipanda huko kwa shughuli za kila siku. Rahabu alianika mabua ya kitani darini (Yoshua 2:6). Petro alipanda juu ya nyumba kuomba (Matendo 10:9). Mahali palipo na pilika za watu, mtu anaweza kuteleza. Kwa hiyo Mungu aliamuru ukuta mfupi ujengwe kandokando.

Angalia mambo mawili katika agizo hili. Kwanza, ukuta ulijengwa kabla mtu yeyote hajaanguka. Pili, wajibu uliwekwa juu ya mwenye nyumba. Hakuruhusiwa kusema, “Mgeni atajiangalia mwenyewe.” Kama mtu angeanguka kwa kukosa ukuta, damu yake ingekuwa juu ya nyumba ile.

Majira ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti katika sehemu nyingi za nyanda za juu za Tanzania na Kenya, mafua huwa mengi. Baridi yenyewe haizalishi ugonjwa. Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina zaidi ya 200. Homa ya mafua, yaani influenza, huletwa na virusi vyake vyenyewe, nayo humshika mtu ghafla na kumlaza. Wakati wa baridi tunajibana ndani, tunafunga madirisha, tunavuta hewa ileile, na virusi hupata njia rahisi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Kwa kijana mwenye nguvu, homa ya mafua inaweza kuwa usumbufu wa juma moja. Kwa mzee, mjamzito, mtoto mdogo, mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au upungufu wa kinga, inaweza kuwa jambo la kufa na kupona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka homa ya mafua ya msimu huua kati ya watu 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya upumuaji. Tena, mtu mzima anaweza kuanza kuambukiza wengine siku moja kabla ya kujisikia mgonjwa, na kuendelea kwa siku 5 hadi 7 baada ya kuugua.

Kumbe tunapokutana nyumbani au kanisani, kila mmoja wetu ni mwenye nyumba, na kila mmoja ni mgeni darini.

Katika nyumba yako au kundi lako la kujifunza, ni nani anayeweza kuumia zaidi akipata homa ya mafua? Umejenga ukuta gani kwa ajili yake?

JUMATATU

Juu ya Kinara cha Hekalu

Soma Luka 4:9–12, kisha ulinganishe na Zaburi 91:11, 12. Shetani alitumia ahadi gani? Yesu alimjibuje?

Magonjwa yanapoenea, wengi wetu hukimbilia Zaburi ya 91, na ni vyema. Ni zaburi ya mtu anayekaa chini ya uvuli wa Mungu. Lakini tusisahau kwamba ndiyo zaburi ambayo Shetani alimsomea Yesu akiwa juu ya kinara cha hekalu. Ahadi ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa katika matumizi yake. Shetani alimtaka Yesu ajitupe hatarini bila sababu, ili Baba alazimike kumwokoa.

Yesu alikataa. Hakuwa na upungufu wa imani. Alijua kwamba kumwamini Mungu ni jambo moja, na kumjaribu Mungu ni jambo jingine. Imani huuliza, “Bwana, unataka nifanye nini?” Kumjaribu Mungu ni kusema, “Bwana, mimi nimeshaamua; sasa nilinde.”

Mzee wetu wa kanisa aliamini kwamba anashinda hila za adui. Lakini je, Bwana alimwagiza aende akiwa na homa, aketi katikati ya wazee na watoto, na madirisha yamefungwa? Sabato ni siku ya Bwana, na kukusanyika ni agizo (Waebrania 10:25). Hata hivyo Bwana wa Sabato alisema kwamba ni halali kutenda mema siku ya Sabato (Mathayo 12:12). Kuna Sabato ambayo tendo jema kuliko yote ni kubaki nyumbani, kufungua Biblia kitandani, na kuwaombea ndugu walioko kanisani.

Pia kuna hatari upande wa pili. Mtu anaweza kutawaliwa na hofu kiasi kwamba anamkimbia kila anayepiga chafya, au anatumia mafua kama kisingizio cha kukaa mbali na ibada mwezi mzima. Ukuta wa dari haukujengwa ili watu waogope kupanda. Ulijengwa ili wapande kwa amani.

Utajuaje kwamba unatembea kwa imani na humjaribu Mungu? Fikiria jambo moja la maisha yako ambalo mambo haya mawili yanaweza kuchanganyika kwa urahisi.

JUMANNE

Maji, Umbali na Kuhani Anayetoka Nje

Soma Mambo ya Walawi 13:45, 46 na 15:11–13. Ni hatua zipi zilizochukuliwa ili kulinda kambi?

Sheria hizi zilihusu ukoma wa aina mbalimbali na hali za unajisi. Hazikuandikwa kwa ajili ya mafua, na zilibeba maana ya ibada pia. Lakini ona yanayotajwa: mgonjwa kufunika sehemu ya mdomo, kukaa kwa umbali, kuosha mikono, kufua nguo, na kuoga kwa maji yanayotiririka. Israeli walipewa haya maelfu ya miaka kabla mwanadamu hajaona kijidudu kwa darubini.

Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama wengi walikufa baada ya kujifungua katika wodi iliyohudumiwa na madaktari waliotoka kupasua maiti. Aliwaagiza waoshe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini, na vifo vikapungua sana. Madaktari wengi wa wakati wake walimpinga. Hawakupenda kuambiwa kwamba mikono yao, mikono ya kuponya, ilikuwa inabeba kifo.

Sisi nasi huona vigumu kukubali kwamba mkono wa shirika unaweza kubeba ugonjwa. Lakini ndivyo ilivyo. Hivi ndivyo ukuta unavyojengwa:

• Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 au zaidi, hasa baada ya kupenga kamasi, kabla ya kula, na kabla ya kushika mtoto. Pasipo bomba, ndoo yenye koki au kibuyu chirizi kinatosha. Beseni moja ambalo wote wananawia maji yaleyale halitoshi.
• Kohoa au piga chafya kwenye leso au kwenye kiwiko, usitumie kiganja.
• Usiguse macho, pua na mdomo kwa mikono ambayo haijanawa.
• Fungua madirisha, hata kidogo, mahali watu wanapokusanyika. Ni afadhali kuvaa sweta mbili kuliko kuvuta hewa iliyotumika.
• Ukiwa na homa, baki nyumbani mpaka saa 24 zipite bila homa na bila dawa ya kuishusha. Ukilazimika kuwa karibu na watu, vaa barakoa.
• Ipo chanjo ya homa ya mafua, ambayo hurekebishwa mara kwa mara kwa sababu virusi hivi hubadilika. Mwulize mhudumu wa afya kama inapatikana, hasa kwa wazee na wajawazito.

Sasa soma Mambo ya Walawi 14:1–3. Kuhani alifanya nini?

Mgonjwa hakuweza kuingia kambini, kwa hiyo kuhani alitoka nje ya kambi kumtazama. Umbali haukuwa kutupwa. Waebrania 13:12 hutukumbusha kwamba Yesu naye aliteswa nje ya lango. Yeye ndiye Kuhani wetu anayetoka kuwafuata waliotengwa.

Kanisa lako lina utaratibu gani wa kumkumbuka mshiriki aliyebaki nyumbani kwa ugonjwa?

JUMATANO

Lala, Kula, Kisha Safari

Soma 1 Wafalme 19:3–8 na Marko 6:31. Mungu alianza na nini alipomhudumia mtumishi wake aliyechoka?

Eliya alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kufa. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mahubiri hayakuanza hapo. Yesu naye, alipowaona wanafunzi hawana hata nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike. Mungu anaujua mwili aliouumba.

Ellen White, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, anaorodhesha tiba za asili ambazo Waadventista wengi tunazijua tangu utotoni: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula kinachofaa, maji, na kuutumaini uwezo wa Mungu. Je, tunaziishi, au tunazikariri tu?

Chukua usingizi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015, watu wazima 164 waliopimwa usingizi wao waliwekewa virusi vya mafua puani kwa hiari yao. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 usiku walipatwa na mafua takribani mara nne zaidi ya wale waliolala zaidi ya saa 7. Mama anayechelewa kulala na kuamka alfajiri kila siku hahitaji kuhubiriwa juu ya lishe peke yake. Anahitaji watu wa nyumbani mwake wabebe sehemu ya kazi.

Mafua yakishaingia, pumzika, kunywa maji ya kutosha, uji na supu ya moto. Asali hutuliza kikohozi, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kamwe. Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini. Antibiotiki haziui virusi, kwa hiyo usimeze vidonge vilivyobaki kabatini. Anayejifukiza awe mwangalifu, kwa maana wengi wameungua kwa sufuria ya maji ya moto. Na usiku wa baridi, usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake haina harufu wala haionekani, nayo imeua familia zilizotafuta joto tu.

Usikae nyumbani ukisema “ni mafua tu” ukiona dalili hizi: kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, midomo kuwa ya bluu, kuchanganyikiwa, au homa iliyopoa kisha ikarudi kwa nguvu. Mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani anapopumua, au anayekataa kunyonya, apelekwe kituo cha afya mara moja. Katika nchi zetu homa inaweza kuwa malaria, basi pima. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Hezekia aliombewa na akawekewa mkate wa tini juu ya jipu (2 Wafalme 20:5–7). Mungu aliyesikia maombi ndiye aliyetumia dawa.

Kati ya tiba nane zilizotajwa, ni ipi unayoipuuza zaidi? Utabadilisha nini juma hili?

ALHAMISI

Epafrodito Aliugua

Soma Wafilipi 2:25–30. Paulo anamzungumziaje mtenda kazi mwenzake aliyeugua?

Epafrodito aliugua akiwa kazini mwa Bwana, akakaribia kufa. Paulo, ambaye Mungu alimtumia kuponya wengi, hasemi kwamba ndugu huyu alikosa imani. Anasema Mungu alimhurumia, anamrudisha nyumbani, na anawaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha na kumheshimu. Timotheo naye alikuwa na maradhi ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23), na Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, Yesu aliikataa hesabu hiyo (Yohana 9:1–3).

Historia ya kanisa letu inayo huzuni kama hiyo. Mwezi Juni 1863, huko Otsego, Michigan, Ellen White alipewa maono makubwa juu ya afya. Miezi sita baadaye, tarehe 8 Desemba 1863, mwanawe wa kwanza, Henry, alifariki kwa nimonia huko Topsham, Maine. Alikuwa na umri wa miaka 16. Nyumba iliyopewa nuru ya afya ilizika mtoto. Kanuni za afya hupunguza hatari, nazo ni zawadi. Hazikutolewa ziwe fimbo ya kumpigia mgonjwa, wala hati ya kumdai Mungu. Tumaini letu la mwisho ni ufufuo.

Soma Yakobo 5:14–16. Ni nani anayemwendea mwenzake?

Mgonjwa hajikokoti kwenda kwa wazee wa kanisa. Anawaita, nao wanamwendea. Mgonjwa anapobaki nyumbani, kanisa linapewa kazi ya kutoka. Simu ya Ijumaa jioni, uji unaoachwa mlangoni, kuni zinazopasuliwa, ng’ombe anayekamuliwa, watoto wanaopelekwa shule: hizi nazo ni njia za kuwatazama wagonjwa, kama Yesu anavyosema katika Mathayo 25:36. Anayeingia ndani akae kwa muda mfupi, dirisha likiwa wazi, na anawe anapoingia na anapotoka.

Wengi hujikokota kuja kanisani wakiwa wagonjwa kwa sababu wanajua kwamba wasipokuja, hakuna atakayeuliza habari zao. Je, hali iko hivyo katika kanisa lako?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma 3 Yohana 2, 1 Wakorintho 6:19, 20, Warumi 14:7, Ufunuo 21:4.

Tumrudie mzee wa kanisa. Bibi alikaa hospitalini siku kumi na moja, kisha akarudi nyumbani akiwa dhaifu. Mzee, akiwa amekwisha kupona, alikwenda kwake. Alinawa uani, akaketi karibu na dirisha, akasema, “Bibi, nimekuja kukuomba radhi. Nilikuja kanisani nikiwa mgonjwa, na sikukufikiria.”

Bibi alinyamaza kidogo. “Mwanangu,” akasema, “mimi mwenyewe nilikuwa nimeamka na kikohozi siku ile. Nilikuja kwa sababu nyumbani niko peke yangu.”

Maneno hayo yalimwuma mzee kuliko lawama. Sabato iliyofuata alilieleza kanisa habari yote. Tangu hapo mashemasi waliweka ndoo yenye koki na sabuni mlangoni. Madirisha mawili ya nyuma huachwa wazi, na wazee huketi mbali na upepo wakiwa na blanketi. Majira ya baridi washiriki husalimiana kwa kuweka mkono kifuani. Idara ya Dorkasi ina daftari la walio nyumbani, na hakuna jina linalofutwa kabla mtu hajafika mlangoni pake. Jina la kwanza katika daftari lile lilikuwa la bibi.

Ukuta wa dari una pande zote. Upande mmoja unamzuia mgonjwa asiwaumize wengine. Upande mwingine unamzuia asianguke peke yake. Kanisa likijenga upande mmoja tu, mtu ataanguka kupitia ule mwingine.

Maswali ya Kujadili

1. Bibi alikuja akiwa anaumwa kwa sababu ya upweke, na mzee alikuja kwa sababu ya bidii. Kanisa lingeweza kumsaidia kila mmoja kwa njia gani kabla ya Sabato ile?

2. Mshiriki mmoja anasema, “Tukiacha kupeana mikono tumepoteza upendo wa ndugu.” Mwingine anasema, “Tukipeana mikono tunaambukizana.” Kwa kutumia Wafilipi 2:4, mngewasaidiaje wasikie hoja ya kila mmoja?

3. Majira ya baridi yanaweza kukutana na Sabato ya Meza ya Bwana. Ni maandalizi gani ya maji, taulo na vikombe yatakayolinda huduma ya kutawadhana miguu na ushirika mtakatifu bila kuondoa uzito wake?

4. Ungemjibuje mtu anayesema kwamba anayefuata kanuni za afya hawezi kuugua? Maisha ya Epafrodito na msiba wa Henry White yanatufundisha nini?

5. Kabla ya kuachana, kila kundi litaje mtu mmoja ambaye hakuonekana leo. Nani atampigia simu leo mchana, na nani atafika kwake kabla ya Sabato ijayo?